Thaddeus Kuzmarski na Kosa Lisilo Lake

Ijumaa ya tarehe 8 Mei, Thaddeus Kuzmarski, mkuu wa chumba cha filamu, tunakopimia wachezaji kwa kutazama mechi zao, anastaafu baada ya kuitumikia klabu yetu ya mpira wa Kimarekani hapa Erie kwa miaka thelathini, miezi minane na siku ishirini na nne. Siku hizo amezihesabu mwenyewe, kwa hiyo asitokee mtu wa kumrekebisha. Sote tunamwita Tad. Mkewe Loretta peke yake ndiye humwita Thaddeus, na akimwita hivyo ujue kuna jambo.

Mimi ni Noreen Haskell, naibu wake kwa miaka kumi na saba. Nimepewa kurasa hizi katika kijitabu cha sherehe, na nimeambiwa niandike mambo ya kuchangamsha. Nitajitahidi. Lakini nisiwafiche, naogopa tangu nilipoandika tarehe pale juu. Miongoni mwa mambo ambayo klabu hii inaamini kuhusu Tad, kuna moja ambalo si kweli. Limemchafulia jina wiki tatu kabla hajaondoka, na ukweli wake ninao mimi. Nikiuandika, huenda kiti chake ninachotarajiwa kukikalia Jumatatu kikapata mtu mwingine. Nisipouandika, Tad anaondoka na aibu ambayo si yake. Basi tuanze na yaliyo mepesi, nipate pumzi kidogo.

Tad alizaliwa upande wa mashariki wa mji, nyumba ya tatu kutoka kanisa la Wapolandi. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika kiwanda cha injini za treni mpaka kiangazi cha 1995, wafanyakazi wengi walipopunguzwa kwa mpigo. Wiki mbili baadaye alikuja hapa kuomba kazi yoyote. Akapewa ya kubeba kanda. Zamani hizo filamu za mechi zilikuja kwa ndege, ndani ya masanduku, na lazima mtu akazipokee uwanja wa ndege kwa gari lake mwenyewe. Majira yake ya kwanza ya baridi gari lilizama kwenye theluji, akatembea maili nne huku kanda kumi na mbili zikiwa ndani ya koti. Kocha alipomwona mlangoni, mweupe kama mtu aliyepakwa unga, akamuuliza kama yuko salama. Tad akajibu, "Zote kumi na mbili, kocha. Hata moja haikulowa." Vidole viwili vya mguu wa kushoto havijapata hisia mpaka leo.

Namna alivyoacha kubeba kanda na kuanza kuzitazama ni kisa kinachojulikana, ila kila mtu hukisimulia vibaya. Ukweli ni kwamba makocha walikuwa wakila chakula cha mchana mbele ya filamu na kulalamika kwamba kijana fulani wa katikati hafai kitu, msimu mzima kamwangusha mrushaji wa wapinzani, yule anayetupa mpira, mara mbili tu. Tad alikuwa anapanga masanduku pembeni. Akasema, bila kuulizwa, "Huyo kijana anashinda kila mara. Nyie mnatazama mpira." Kocha akauliza ni nani aliyemfundisha. Tad akasema kiwandani. Fundi wa kuchomelea akitazama moto atapofuka. Kinachotazamwa ni chuma kinavyoyeyuka chini ya moto.

Wakarudisha filamu nyuma mara sita. Kweli bwana. Kila yule kijana alipopenya katikati ya ukuta wa walinzi wanaomkinga mrushaji, mrushaji alirudi nyuma hatua mbili, akautupa mpira kwa haraka na kukosa. Aliyepata sifa gazetini alikuwa mwingine kabisa. Wiki iliyofuata Tad akapewa kiti, kalamu na mashine ya kuonyeshea filamu.

Tangu hapo ndiye aliyetufundisha wote kutazama miguu ya mrushaji. Ubishi wa kila mwaka katika klabu kama yetu ni iwapo pesa nyingi na nafasi nzuri wapewe wavamizi wa pembeni, wanaomwendea mrushaji kutoka kando, au wa kati, wanaopenya ukuta. Wa pembeni ndio wanaopendwa na watu. Wana mbio, wana picha nzuri, wanamzunguka mlinzi na kumrukia mrushaji kwa mgongo. Wa kati ni mijitu ya ratili mia tatu inayofukuzana kwenye tope, na mara nyingi hujui nani kafanya nini. Tad alikuwa na jibu moja ambalo hajalibadili kwa miaka thelathini. "Akija wa pembeni, mrushaji anapiga hatua mbele na anapona. Akija wa kati, hana tena mbele. Sasa mwenzangu, aende wapi?"

Huo ndio msingi. Mtu anayeona ukuta wa wenzake ukibomoka mbele ya pua yake hatupi mpira vizuri, hata awe na mkono wa dhahabu. Tad alihesabu mechi zetu za misimu tisa. Presha ikitoka pembeni, mipira sita katika kumi bado iliwafikia wadakaji. Ikitoka katikati, ilifika minne. Karatasi ile imebandikwa ukutani juu ya birika la kahawa, imeshakuwa ya kahawia.

Nisijifanye kwamba aliheshimiwa siku zote. Kila Alhamisi mchana, juu ya sahani za vile vitumbua vya soseji ambavyo mji huu unavipenda kuliko afya yake, ulikuwa unaibuka ugomvi wa nani alikuwa mvamizi bora wa kati katika historia ya ligi yetu. Majina yalikuwa yaleyale matatu: Ambrose Tuttle, Roosevelt Gantry na Cyril Mapes. Luther Beauchamp, kocha wa mstari wa mbele, mtu wa Louisiana mwenye sauti ya kengele, alikuwa wa Tuttle. "Ratili mia tatu na hamsini! Ilibidi watu wawili wamshike, na siku nyingine watatu! Unataka nini tena, Tad, ahamie nyumbani kwako?" Vijana wa takwimu walikuwa wa Gantry, kwa sababu Gantry aliangusha warushaji mara kumi na sita katika msimu mmoja, na namba hiyo ukiiandika ubaoni hakuna mwenye la kusema.

Tad alikuwa wa Mapes, ambaye hakuna mtoto wa Erie mwenye jezi yake. Alimheshimu Tuttle, lakini alisema Tuttle aliziba mlango bila kuingia ndani. Dhidi ya wakimbiaji huwezi kumshinda, ila siku ya kutupa mipira mrushaji alikuwa na nafasi ya kunywa chai. Gantry je? Hapo ndipo Tad alipokuwa akifuta mikono, akaweka filamu, akaonyesha jinsi nusu ya wale kumi na sita walivyomfuata Gantry wenyewe, wakimkimbia mtu mwingine. "Mmoja anatikisa mti, mwingine anaokota. Nyie mnamlipa anayeokota." Mapes alikuwa mtikisaji. Alikuwa mfupi, mikono mifupi, akiangusha warushaji sita tu kwa mwaka. Ila hatua yake ya kwanza ilitua kabla mlinzi hajainua kiganja, na mrushaji alirudi nyuma kila mara, tangu dakika ya kwanza mpaka ya mwisho. Luther alikuwa akimwambia, "Wewe unampenda Mapes kwa sababu mmefanana urefu." Wakacheka, wakala, na Alhamisi iliyofuata wakaanza upya.

Ugonjwa huo haukubaki kazini. Kwenye harusi ya binti wa Luther, Tad alikaa meza ya nyuma na kuwapa alama wahudumu waliokuwa wakipita na trei. "Yule ana hatua ya kwanza nzuri. Huyu wa supu anachelewa kushusha kiuno." Loretta akamwita Thaddeus, na mchezo ukaisha.

Chombo chake cha kazi, mtakaotembelea chumba chetu, ni kipande cha boksi la piza. Amekipachika juu ya skrini kwa mkanda, kinafunika wachezaji kuanzia kiunoni kwenda juu. Huoni mpira, huoni jina wala namba. Unaona miguu tu. Anasema ukishajua jina la mtu umeshampa nusu ya alama. Anapima miguu kwanza, kisha anaondoa boksi na kuangalia ni miguu ya nani.

Na kuna daftari la bluu. Hilo nalo ni lake. Mwaka 1999 alitangaza kwamba katika chumba cha filamu, anayekosea anaandika kosa lake mwenyewe kwa mkono wake, anatia sahihi, na haliongelewi tena. Hakuna kufoka, hakuna kunyoosheana vidole. Mtu akiweza kuandika "nilikosea" na jina lake chini yake, yamekwisha. Mpaka Aprili mwaka huu, kwa miaka yote hiyo, Tad alikuwa ameandika makosa kumi na moja. Mimi nina thelathini na manne, na ni wa pili kwa uchache.

Sasa nimefika pale nilipokuwa nakwepa. Nimeshanyanyuka mara mbili kwenda kuchemsha maji ambayo sikuyanywa.

Januari tulikuwa tunapima vijana wa vyuo kwa ajili ya siku ya uchaguzi, ile Alhamisi ya Aprili ambapo klabu zote huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Zamu yetu ya kwanza ilikuwa ya kumi na nne. Majina mawili yalikuwa mezani. Brody Kettering, mvamizi wa pembeni, mrefu, mwepesi, kipenzi cha magazeti. Na Tavita Leasau, mvamizi wa kati kutoka chuo kimoja cha Iowa, kijana wa Kisamoa mwenye mikono mifupi na namba 95 mgongoni. Filamu kumi na moja za Leasau zilinijia mimi.

Kumi zilikuwa tamu. Ya kumi na moja ilichezwa mwishoni mwa Novemba, theluji ikianguka mpaka mistari ya uwanja haionekani. Kipindi cha kwanza Leasau aliwatesa watu. Kipindi cha pili namba 95 haikuonekana tena. Mahali pake alisimama namba 69, jezi isiyo na jina, naye akacheza vizuri ajabu. Nikaandika juu ya Leasau: "Alitolewa mapumzikoni. Pumzi fupi. Hawezi kubeba mechi nzima." Nikafunga filamu.

Jezi ilikuwa imechanika. Ni hivyo tu. Mlinzi mmoja aliishika ikapasuka kifuani, na wakati wa mapumziko mtunza vifaa akampa Leasau jezi ya akiba, namba 69. Uwanjani mtangazaji alilisema kwa kipaza sauti na watu elfu arobaini wakasikia. Filamu za makocha hazina sauti. Kwa sababu hiyo tuna sheria, ya kwanza kabisa kwenye karatasi ya chumba chetu: ukiona namba ambayo haimo katika orodha ya kikosi, inua simu upige chuoni. Namba 69 haikuwamo katika orodha. Niliona haimo. Nikajiambia orodha ni ya zamani, nina filamu nyingine nane za kumaliza, nitapiga kesho. Kesho haikufika.

Ripoti zote hutoka kwa jina la mkuu wa chumba. Ikatoka kwa jina la Tad: Leasau, fundi wa hatua ya kwanza, lakini anachoka, asichaguliwe kabla ya raundi ya tatu. Garrick Stroud, mkurugenzi wa timu, akaiamini kama anavyoziamini zote. Kettering akapanda juu ya orodha.

Jumanne ya tarehe 14 Aprili Tad alikuwa anapitia filamu zilezile kwa mara ya mwisho, nadhani kwa kuziaga tu. Boksi lilikuwa juu ya skrini. Akaniita. "Noreen, njoo uone. Hii miguu ya kipindi cha pili ni ya nani?" Nikasema ya namba 69. Akarudisha nyuma mpaka kipindi cha kwanza. Mguu wa kushoto ulikuwa umegeukia nje kama wa bata, na ulitua kabla ya mingine yote. Akapeleka mbele. Mguu uleule wa bata. Akainua simu, akapiga Iowa, akaongea na mtunza vifaa kwa dakika mbili. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake.

Nilitaka kuandika daftarini palepale. Akasema tusubiri, kwanza turudie kazi. Tulirudia filamu zote kumi na moja kwa siku tatu, boksi juu ya skrini, na kila kitu kikageuka. Leasau alikuwa amecheza dakika karibu zote za msimu. Katika theluji ile, kipindi cha pili, mrushaji wa wapinzani alirudi nyuma mara kumi na tisa kwa sababu yake. Tad aliegemea kiti akasema kwa sauti ndogo, "Mapes. Huyu ni Mapes." Sijawahi kumwona na furaha ya namna ile, na sijawahi kuogopa kiasi kile.

Jumamosi tarehe 18, siku tano kabla ya uchaguzi, tuliketi watu kumi na watano katika chumba cha mikutano. Tad alisimama na kusema ripoti ya Januari ilikuwa na kosa, Leasau hachoki, na zamu ya kumi na nne iende kwake kabla ya Kettering. Akaeleza jezi, theluji, simu ya Iowa. Alieleza vizuri. Stroud alikuwa amekunja mikono. Akauliza, "Filamu hiyo aliipima nani?"

Nilikuwa kiti cha tatu kutoka mlangoni. Nilifungua mdomo, nawaapia nilifungua. Tad akajibu kabla sauti haijatoka. "Niliipima mimi."

Stroud akasema, "Miaka thelathini unatuambia tutazame miguu, halafu unapotezwa na jezi? Ndiyo maana watu hustaafu, mzee." Wawili watatu wakacheka, cheko la kumfurahisha bosi. Luther aliinamisha kichwa. Tad akasema, "Sawa, lakini kijana mtazameni." Hakuna aliyetazama. Mtu aliyekosea Januari mbona aaminike Aprili? Hayo hayakusemwa, ila yalikuwa kwenye nyuso zao zote.

Mdomo wangu ulikuwa bado wazi. Nikaufunga.

Nilimkimbilia kwenye korido. Nikamwambia kwa nini umefanya vile, narudi ndani sasa hivi niwaambie. Akanishika bega. Akasema, "Tulia, binti. Mimi naondoka Mei, kosa linaondoka na anayeondoka. Wewe una kiti cha kukalia na mabinti wawili chuoni. Ukianza kazi na doa hili, Stroud hatakusikiliza miaka mitano." Nikasema haiwezekani. Akasema inawezekana, na akaenda kununua kahawa. Nami nikanyamaza. Nisitafute maneno matamu hapa. Nilipumua. Nilifika nyumbani nikala chakula chote.

Alhamisi tarehe 23 zamu yetu ilifika, tukamchagua Brody Kettering. Watu wa Akron walikuwa na zamu ya kumi na saba, wakamchukua Tavita Leasau bila kusita hata dakika moja. Akron ni mahasimu wetu, tunakutana nao mara mbili kila msimu. Tad alimpigia Kettering makofi pamoja na wengine. Kisha alikwenda chumbani kwetu, akafungua daftari la bluu na kuandika kosa la kumi na mbili kwa mwandiko wake mzuri wa fundi: "Sikupiga simu kuhusu namba 69." Akatia sahihi. Nilikuwa nimekaa mita mbili kutoka kwake.

Brody, najua utakuwa ukumbini Ijumaa. Umekuja vizuri, hatua yako ni nzuri, na hukumnyang'anya mtu kitu. Hili halikuhusu. Karibu Erie, na ununue viatu vya theluji mapema.

Sijui kama ningesema siku ile wangemchagua Leasau. Nimejiuliza kila asubuhi. Labda Stroud angenifokea mimi, kisha akamsikiliza Tad, kwa kuwa Tad angekuwa bado Tad, mtu ambaye hakukosea katika hili. Labda wangemchagua Kettering vilevile. Itachukua misimu mitatu kujua nani alikuwa sahihi, na Tad atakuwa amekaa kwake akitazama Akron kwenye televisheni kama mtu mwingine yeyote. Ninachokijua ni kwamba alisema kweli kuhusu kijana yule, na hakuaminiwa kwa sababu ya jambo nililolifanya mimi. Karibu wiki tatu watu wamekuwa wakimpigapiga mgongoni kwa huruma. Nimesikia mmoja kwenye foleni ya chakula akisema, "Masikini Tad, macho yamekwisha." Macho yake hayajaisha! Yeye ndiye aliyeona. Mimi ndiye niliyetazama na nisione.

Basi nasema hapa, mbele ya wote watakaofungua kijitabu hiki. Filamu ile niliipima mimi, Noreen Haskell, tarehe 22 Januari. Asiyepiga simu ni mimi. Tad aligundua kosa, akalirekebisha, akalibeba. Leo asubuhi nimefungua daftari la bluu, nikakata sahihi yake kwa mstari mmoja, nikaweka yangu. Sasa ninayo thelathini na matano, na yeye anarudi kwenye kumi na moja yake.

Aya hii nimeiongeza Jumatano mchana. Niliona si haki Stroud aisome kwa mara ya kwanza ukumbini, kwa hiyo nilimpelekea mwenyewe. Aliisoma amesimama dirishani. Mimi sikukaa kwa sababu hakunikaribisha. Alipomaliza akauliza, "Kwa nini hukusema siku ile?" Nikasema niliogopa. Akauliza, "Na sasa huogopi?" Nikasema sasa naogopa zaidi. Akasoma tena ule ukurasa wa katikati, taratibu, nikaona kidole chake kimesimama juu ya maneno yake mwenyewe, yale ya watu kustaafu. Nikajua ataniambia niyatoe. Akanirudishia karatasi. "Maneno yangu yaache kama yalivyo. Peleka yakachapwe." Kuhusu Jumatatu hakusema chochote, nami sikuthubutu kuuliza. Nilipofika kwenye ngazi ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimezikunja karatasi mpaka zimekuwa mpira.

Tad, wewe unaisoma hii kwa mara ya kwanza ukiwa meza ya mbele, na nakufahamu, shingo imeshakuwa nyekundu. Ulinikataza. Najua. Kasirika, una haki. Loretta, tafadhali mwite Thaddeus, asinyanyuke kabla ya keki.

Wenzako wa klabu ya Erie, kuanzia wapanga jezi mpaka wenye ofisi za juu, tunakushukuru kwa miaka thelathini, kwa Mapes, kwa boksi la piza, na kwa kutuonyesha mahali pa kutazama. Kiti cha Jumatatu sijui ni cha nani. Kikiwa changu, nitapiga simu kila namba nisiyoijua, hata wakinichoka. Kisipokuwa changu, nitampa kila la heri atakayekikalia, nilie kidogo kwenye gari, niende nyumbani.

Wewe nenda ukapumzike na Loretta, mkono kwa mkono, mguu wenye vidole vyako vya baridi taratibu kwenye ngazi. Tunawatakia afya, usingizi mzuri na majirani wasiopenda mpira. Na safari hii, Tad, ondoka bila mzigo wa mtu mgongoni. Wangu nimeushusha, naubeba mwenyewe.